Sura Yako Kwenye Ukuta Wangu

Anse Rouge, Louisiana
14 Januari 2024

Mpwa wangu Zoriah,

Pokea salamu za watu wenye akili, yaani sisi tuliobaki kwenye joto. Mimi sijambo, isipokuwa kidole gumba nilichokichoma kwa mvuke wa sufuria. Mama yako Verlene hajambo, bado anaimba kwaya kwa ile sauti inayofukuza popo kanisani. Bibi yako Odile ametimiza miaka themanini na minne, ananiita "kijana" na kuniibia kwenye karata. Anauliza kama huko Arkansas watu wanapika wali au wanauchemsha tu.

Najua una simu. Hata mimi ninayo. Lakini nilipokuwa kwenye mitambo ya mafuta baharini, mara Port Harcourt, mara Aberdeen, mara Brazili, nilikuandikia kila mwezi, tangu siku zile ulikuwa hujui kusoma na ulikuwa unalamba stempu. Sasa wewe ndiye uliye mbali. Na tena kwenye simu huwa unanikatiza.

Haya, shika kiti. Unaukumbuka ukuta wa duka langu, ule unaotazama barabara kuu? Sasa uko juu yake. Wewe mzima! Futi ishirini kutoka viatu hadi nywele, jezi nyekundu namba kumi na saba, mkono umezunguka, mpira wa njano wa softiboli unachomoka vidoleni. Aliyechora ni Dudley Semien, yule aliyechora malaika wa kanisani. Kifuani amekuwekea nembo ya chuo chenu, mbwa mwitu. Dudley hajawahi kuona mbwa mwitu, kwa hiyo alimkalisha Kapteni, mbwa wa mzee Leotha, akamchora yeye na kumwongezea meno. Chini nimeandikisha kwa herufi kubwa: MPWA WA FERRIS. ALIKUZWA NA BOUDIN HII.

Magari yanafunga breki, mama! Watu wanaingia, wanauliza, wanaondoka na boudin, soseji zetu za wali na nyama, mikono miwili. Siku hizi sheria inawaruhusu wanamichezo wa vyuo kutangaza biashara, hata padri anajua. Kwa nini uanze na wageni wakati damu yako inauza boudin?

Usinishukuru. Shinda tu.

Mjomba wako, mtu aliyevuka ikweta mara nne,
Ferris Papillion


Arkansas
11 Februari 2024

Mjomba Ferris, heshima yako,

Natumaini kidole kimepona. Mwambie Bibi kwamba wali wa hapa unaumwa, tunauombea. Theluji ilianguka Jumanne tukafanyia mazoezi ndani ya ghala. Tavia, mdakaji wangu, anakusalimu. Anasema mtu anayeandika barua kwa kalamu ya kuwekea alama nyama lazima awe mtu mzuri.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kuna mengi. Muuza magari wa hapa, Bwana Skaggs, amenipa gari la kutumia msimu mzima. Kazi yangu ni kusimama kando ya tairi na kutabasamu. Tavia anamtangaza daktari wa meno, kwa hiyo yeye anatabasamu kwa mkataba hata anapofungwa. Kila mmoja wetu alipeleka karatasi yake ofisi ya kanuni ya chuo kwanza, wakaisoma na kuigonga mhuri. Ndivyo inavyokwenda huku.

Picha ya ukuta ilifika kabla ya barua yako. Mpita njia aliipiga akaitupa mtandaoni, na kila mtu chuoni ameiona. Kila mtu.

Michezo mitano ya kwanza sijarusha. Usimtukane kocha, si yeye. Ni mambo ya karatasi.

Sasa nijibu bila mbwembwe. Ukuta unaleta watu kweli? Ray bado ana kazi hapo dukani? Krismasi Mama aliniambia kidogo.

Mpwa wako,
Zoriah


Anse Rouge
26 Februari 2024

Zoriah, mboni ya jicho langu lisilo na mtoto wa jicho,

Sote wazima. Bibi yako ameacha sukari kwa ajili ya Kwaresima, na sisi tunaoishi naye ndio tunaofunga. Mama yako amenunua viatu.

Bila mbwembwe? Unamwomba jogoo anong'one. Haya. Wanatoka Houston! Wanatoka hadi Mobile! Ijumaa za Kwaresima watu hawali nyama, basi nimetengeneza boudin ya kamba wa maji ya mashamba ya mpunga, na foleni ilifika kwa kinyozi. Mwanamke mmoja alipiga magoti mbele ya ukuta ili apigwe picha, padri akadhani mambo yameharibika. Ray yupo, anakata vitunguu na kulia kama kawaida yake. Mambo ya Krismasi yalikuwa ya Krismasi.

Lakini nasikia hata jana hukurusha. Michezo kumi na moja sasa! Mwambie huyo kocha kwamba kukuweka wewe benchi ni kufuga ng'ombe wa maziwa na kunywa kahawa kavu. Karatasi gani hizo? Mimi niliishia darasa la nane, lakini nimegombana na mabosi wa mafuta wa mataifa matano, na watatu kati yao waliomba radhi. Jumamosi ijayo nawasha gari, nakuja na sanduku la boudin na maneno machache. Saa tisa tu za njia.

Mjomba wako anayenoa ulimi,
Ferris


Arkansas
17 Machi 2024

Mjomba,

Mimi mzima. Salamu kwa Bibi na Mama.

Usije. Nilimwomba Mama akuzuie, na nashukuru alificha funguo za gari. Mchezo si mbaya. Tunashinda kidogo, tunafungwa kidogo. Msichana anayerusha badala yangu ana miaka kumi na minane na anatapika kabla ya kila mchezo. Namshikia nywele.

Wamenipa karatasi moja. Nikiitia saini leo, narusha kesho. Sitaitia saini. Usiniulize inasema nini. Mwisho ni tarehe kumi na tano Aprili. Ikipita, msimu wangu umekwisha, na mwakani sina uhakika kama watanisomesha bure tena. Nimelifikiria, nimelala nalo, nimeamka nalo. Jibu ni lilelile.

Ukuta usiuguse.

Zoriah


Anse Rouge
1 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Pasaka ilikuwa njema mpaka saa nane mchana. Bibi yako alikula mara tatu. Mama yako hakula. Baada ya chakula alinifuata dukani akafunga mlango.

"Ferris," akasema, "huo ukuta wako unajua unachofanya?"

"Unauza soseji."

"Unamkalisha mwanangu benchi."

Nikacheka. Hakucheka. Nikakaa juu ya ndoo ya vitunguu.

Alinieleza yote, na usimkasirikie, aliapa kukaa kimya akashindwa, sisi Wapapillion hatukuumbiwa siri. Kumbe nembo ya chuo haichorwi bila kibali. Kumbe tangazo lolote lazima lipite ofisini kabla, hata la mjomba. Na hiyo karatasi yako inasema: Ferris Papillion aliiba sura yangu, sikujua, sikukubali, namshtaki. Uitie saini, ucheze. Halafu mawakili waje kwangu. Na wewe ukawaambia, "Simshtaki mtu aliyenifundisha kurusha."

Zoriah! Nilikufundisha kwa machenza nyuma ya nyumba ya bibi yako, ukaubakiza mti uchi. Machenza! Hayo ndiyo yakukoseshe msimu?

Sasa na mimi niseme langu, maana nilikudanganya. Desemba nilikuwa nafunga duka. Tangazo la kuliuza nilikuwa nimeshaliandika, liko chini ya mashine ya kusagia. Ray nilimwambia atafute kazi kwingine baada ya Mwaka Mpya. Ukuta ndio ulioniokoa. Wewe ulijua, ndiyo maana ukaniambia nisiuguse. Umenipikia huruma kwa kuni zako mwenyewe, mtoto wewe.

Nimeugusa.

Leo asubuhi nilipanda ngazi na ndoo ya chokaa. Nilidhani nitafanya peke yangu. Dudley akapita na lori lake, akasimama katikati ya barabara. "Ferris, umelewa? Hiyo ndiyo kazi yangu bora kuliko malaika!" Nikamwambia sababu. Akavua kofia, akashusha brashi mbili. Kisha mzee Leotha na Kapteni. Kisha kinyozi. Yule Frugé wa mashamba ya mpunga akaleta bomba la kunyunyizia dawa, likatupaka chokaa sisi zaidi ya ukuta. Kufikia saa nne ilikuwa kama siku ya kuchinja nguruwe, kila nyumba imeleta mtu na chombo chake, na Bibi yako katikati kwenye kiti akiamuru: "Sikio limebaki! Wewe mwenye tumbo, sikio!" Hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Ray alipofika kwenye uso wako hakuweza, ikabidi nifanye mwenyewe.

Ni mweupe sasa. Nimebakiza mpira tu, ule wa njano, juu kwenye kona. Mpira hauna jina wala nembo.

Ndani ya bahasha kuna vitu vitatu. Picha ya ukuta mweupe. Picha ya Kapteni kando ya picha ya ile nembo ya ukutani, wajionee wenyewe kama huyo ni mbwa mwitu wao. Na ungamo langu, limeandikwa na mkono wangu, padri ameshuhudia. Wape. Na kama bado wanataka saini yako, tia! Andika Ferris ni mwizi, andika kwa herufi kubwa. Nimeitwa vibaya zaidi ya hapo Aberdeen, tena na watu niliowapenda.

Mjomba wako,
Ferris


Arkansas
13 Aprili 2024

Mjomba Ferris,

Heshima kwako, na kwa kila aliyeshika brashi. Bibi nimemwandikia peke yake.

Nilipeleka bahasha ofisini Jumatano. Bwana Ottaway, mkuu wa kanuni, ni mtu mwembamba ambaye sijawahi kuona meno yake. Alisoma ungamo lako kwa sauti mbele ya kocha na mwanasheria. "Mimi Ferris Papillion, mwenye akili timamu siku nyingi za juma." Akaendelea. "Nakiri nilimchora mpwa wangu bila kumwambia yeye, chuo, wala Mungu. Hakupata hata soseji moja kwa kazi hiyo, jambo ambalo peke yake ni dhambi." Mwanasheria akaanza kukohoa.

Kisha wakaweka mezani picha ya Kapteni na ya nembo. Wakainama.

"Huyu si mbwa mwitu," akasema Bwana Ottaway.

"Ni mbwa," akasema mwanasheria.

"Anaitwa Kapteni," nikasema mimi.

Mjomba, nimeyaona meno yake. Yote.

Walitoka, wakarudi baada ya saa nzima. Mwenye kosa amekiri mwenyewe, ukuta umefutwa, mimi sikupokea kitu: hawana haja ya saini yangu. Karatasi ile wameichana mbele yangu. Jana nimerusha. Wapigaji kumi na wawili nimewatoa bila wao kugusa mpira, na yule binti anayetapika ameruka hadi kofia ikapotea. Nikishinda wiki tatu hizi tunaingia fainali ya ukanda wetu, tarehe kumi na moja Mei, hapahapa kwetu.

Sasa sikiliza, na hapa kwenye barua huwezi kunikatiza na wewe.

Nilipoona ukuta mweupe nililia, na nusu yake ilikuwa hasira. Nilikwambia usiuguse. Lakini kuna hasira ya zamani zaidi. Hukuniuliza. Bwana Skaggs hanijui mimi ni nani, alikuja na kofia mkononi akaniuliza kama anaweza kunipiga picha kando ya tairi. Wewe uliyenifundisha kushika mpira uliniweka barabarani futi ishirini na ukaniambia nisikushukuru. Ni sura yangu, Mjomba. Ningekubali. Ningekubali kabla hujamaliza sentensi.

Niombe.

Zoriah


Anse Rouge
19 Aprili 2024

Zoriah,

Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara nne, moja kwa kila ikweta. Nilianza kuandika majibu ya kuchekesha, nikayatupa. Maskini yale majibu, mengine yalikuwa mazuri.

Sikukuuliza kwa sababu nilidhani kilicho chako ni changu, kama kilicho changu kilivyo chako. Nusu ya pili ni kweli. Ya kwanza haikuwa yangu kuisema.

Basi. Mimi Ferris, mwenye duka la boudin, nakuomba wewe Zoriah Batiste, mrusha mpira, uniruhusu kutumia jina na sura yako kutangaza duka langu, kwa namna utakayotaka wewe, mahali utakapotaka wewe. Ukisema hapana, ukuta utabaki mweupe na mimi nitabaki mjomba wako. Malipo: ratili tano za boudin kila mwezi, popote utakapokuwa duniani, maadamu mmoja wetu ana meno. Fomu nimeijaza. Padri amenisaidia kwenye mistari midogo.

Halafu kuna jambo. Watu wamepanga foleni dukani na hawataki soseji, wanataka fomu. Kinyozi anataka. Frugé anataka sura yako kwenye gunia la mpunga. Mama wa mkate anataka. Hata mzee Leotha, ambaye hauzi kitu. Nimewaambia wote: kalamu chini, binti aulizwe kwanza. Wako wanane. Hakuna hata mmoja mwenye cha kulingana na magari ya Skaggs, lakini wanasema wewe ni wao, na wanataka iwe halali.

Ferris


Anse Rouge
13 Mei 2024

Mpwa wangu, bingwa, mhuri wangu,

Bibi yako hajambo, bado ana kile kitambaa chekundu cha uwanjani kichwani na anakataa kukivua kuoga. Mama yako hajambo. Kidole kimepona. Mimi sina sauti. Daktari anasema siku kumi. Anse Rouge nzima imefanya ibada ya shukrani.

Ndiyo maana juzi uwanjani uliponikumbatia ukaniuliza, "Vipi, Mjomba, huna la kusema?" nikafungua mdomo ikatoka hewa. Nilikuwa nimeimaliza yote. Basi pokea hapa.

Tulifika na mabasi mawili. Watu themanini na sita, na Kapteni, aliyeingia amevaa skafu. Bwana Ottaway mwenyewe alitupokea mlangoni. Alinipa mkataba wetu, una saini yako na mhuri wa chuo. Akasema, "Bwana Papillion, sheria inataka malipo yawe na thamani inayojulikana. Nimeshindwa kuikadiria hii boudin." Nikamkatia kipande palepale kwenye ngazi. Akatafuna, akaangalia mbali. "Ninyi mnamlipa vizuri sana," akasema.

Raundi ya saba, ya mwisho, tunaongoza kwa moja, wao wana wakimbiaji wawili njiani, amebaki mmoja wa kutolewa, na anakuja yule mpigaji wao mkubwa mwenye mabega kama mlango wa banda. Uwanja mzima kimya. Mimi si kimya. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akaukosa; akikosa na wa tatu, ubingwa ni wetu. Kisha ukasimama, ukaushika ule wa tatu namna ileile, vidole viwili juu na gumba chini, kama chenza ambalo hutaki kulipasua. Nikajua. Kabla hujazungusha mkono nilikuwa nimeshasimama juu ya kiti. Gongo lilikata hewa tu, na Tavia akakurukia na meno yake yote ya mkataba, na sauti yangu ikaondoka, ikapaa, sijui iko wapi.

Sasa sikia. Mzee mmoja wa hukohuko, kofia ya chuo, alikuwa amekaa kushoto kwangu. Wakati wenzako wamekubeba juu, akanigeukia akauliza, "Samahani, ndugu. Unamfahamu yule binti?"

Zoriah! Swali nililolingoja tangu siku uliyozaliwa! Nina majibu arobaini ya swali hilo, mengine yana kiitikio. Nikafungua mdomo: hewa. Nikajipiga kifua, nikanyoosha kidole kwako, nikajipiga kifua tena, machozi yananitoka. Yule mzee akaruka, akapaza sauti: "Daktari! Huyu mtu moyo wake!"

Watu wakaanza kunilaza. Bibi yako hata hakugeuka. Alikuwa anakupungia kitambaa.

"Mwacheni," akasema. "Haumwi. Ni mjomba wake."

Mzee akanisimamisha, akanipangusa vumbi, akanipa mkono. Sijawahi kujibu swali vizuri namna hiyo maisha yangu yote.

Ukuta bado mweupe, na mpira wako wa njano uko palepale kwenye kona. Watu bado wanasimama. Wanauliza ni nani aliyeurusha, wakishaambiwa wanaingia kununua. Ray nimemwongezea siku za kazi. Lile tangazo la kuuza duka nimefungia vitunguu.

Dudley ameshanunua rangi na anazunguka ngazi kama paka. Nimemwambia hapandi mtu mpaka mwenye sura aje, asimame barabarani, aseme anataka aonekane vipi. Kama unataka futi ishirini, sawa. Kama unataka mkono tu, sawa. Kama unataka ukae hivihivi mweupe, nitaupaka chokaa kila Pasaka.

Njoo utuambie. Mchenza umeanza kutoa vitunda.

Mjomba wako, aliyeruhusiwa rasmi,
Ferris Papillion